Mashine Isiyoanguka Kifafa

Neno likizoewa huacha kuulizwa maana. Hivyo ndivyo lilivyotupata neno "mtandao wa neva". Siku hizi hapana mhadhara, hapana gazeti, wala hapana tangazo la biashara linalotaja akili mnemba bila ya kutuambia kwamba ndani ya mashine mna mitandao ya neva, na kwamba mitandao hiyo imeigwa kutoka katika ubongo wa mwanadamu. Msikilizaji huitikia kwa kichwa, mnenaji huendelea na maneno yake, na swali lililopasa kuulizwa hubaki mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa: kimeigwa nini hasa, na kwa kiasi gani? Insha hii yakusudia kumfungulia mlango mgeni huyo.

Swali lenyewe sikulipata chuoni. Nililipata Maparoni, kata ya visiwa na mikoko katika delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti, mahali ambapo barabara ni maji na gari ni mtumbwi. Jioni moja nalikaa na mzee mmoja mvuvi, tukingoja maji yajae ili chombo kipate kuelea. Mjukuu wake, kijana wa miaka kama kumi na miwili, alikuwa ameketi karibu yetu akishona jarife. Kijana huyo alikuwa na kifafa. Hakuruhusiwa kupanda mtumbwi peke yake wala kwenda mtoni bila ya mwenzi, kwa kuwa katika nchi ile mtu akianguka haanguki juu ya ardhi. Huanguka majini.

Mzee aliniuliza kazi yangu mjini ni ipi. Nikamweleza, kwa majivuno kidogo, habari za mashine zinazosoma, zinazotafsiri na zinazojibu maswali, na nikamaliza kwa maneno yale yale tuliyoyazoea. "Mzee wangu, mashine hizo zina neva kama zetu."

Akanyamaza kitambo, kisha akamtazama mjukuu wake. "Mwanangu," akasema, "kama zina neva kama zetu, je, huanguka kifafa?"

Nikajibu kwamba haziangukí kifafa.

"Basi moja katika mawili," akasema. "Ama hizo si neva, ama nyinyi neva bado hamjazijua."

Tangu siku ile nimesoma vitabu vingi, lakini sijaona hukumu iliyo fupi na ya haki kuliko hiyo. Maana imepiga pande mbili kwa jiwe moja. Imewapiga wajenzi wa mashine, ambao wamechukua jina la neva wakaacha tabia zake. Na imewapiga wajuzi wa ubongo, ambao kwa miaka mingi wameona hesabu kuwa ni mchezo wa watu wasiowahi kumshika mgonjwa mkono. Na mimi nitaongeza upande wa tatu, ambao mzee kwa adabu yake hakuutaja: sisi wenyewe wa vyuo vya Afrika ya Mashariki, tunaotazama ugomvi wa makundi hayo mawili kama watazamaji wa ngoma ya jirani.

Kwanza yafaa kueleza kifafa ni nini, ili msomaji aone kwa nini mzee alichagua kipimo hicho wala si kingine. Ubongo wa mwanadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Baadhi yake huamsha jirani zake, na baadhi hutuliza. Uzima wa ubongo ni mizani baina ya makundi haya: wenye kuamsha wasiachiwe wakawasha mji wote, na wenye kutuliza wasizidi wakaulaza. Kifafa huja pale mizani hiyo inapopinduka, na maelfu kwa maelfu ya seli yakapiga kwa pamoja, kama umati ulioacha kusemezana ukaanza kupiga kelele moja. Kwa ajili hiyo fenobabitali, dawa ya bei nafuu inayotumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, hufanya kazi yake kwa kuwatia nguvu wenye kutuliza. Basi kifafa si ajali iliyoujia ubongo kutoka nje ya kanuni zake. Ni ubongo wenyewe ukitenda kwa kanuni zake katika hali mbaya. Mwenye kudai kwamba ameuiga ubongo, lakini katika kazi yake hamna mahali ambapo mizani ile yaweza kupinduka, ameiga nini?

Tuwaendee sasa wajenzi wa mashine. Ni haki kukiri kwamba mwanzo wao ulikuwa mwema. Mwaka 1943 Warren McCulloch, mtaalamu wa neva, na Walter Pitts, kijana aliyebobea katika mantiki, waliandika pamoja kwamba seli ya neva yaweza kufikiriwa kama kitu kinachojumlisha habari zinazokiingia, na jumla ikipita kiasi fulani kikapiga, isipopita kikanyamaza. Mwaka 1949 Donald Hebb akasema kwamba seli mbili zinazofanya kazi pamoja mara kwa mara huimarisha kiungo kilichopo baina yao. Hapo palikuwa na daraja la kweli: mjuzi wa ubongo upande mmoja, mjuzi wa hesabu upande wa pili, na wote wawili wakitembea juu yake.

Lakini mwaka 1958 Frank Rosenblatt wa Marekani alipotoa mashine yake ya kujifunza kutambua maumbo, magazeti ya huko yaliandika kwamba siku si nyingi mashine hiyo ingetembea, ingesema na ingejijua kuwa ipo. Ndipo jina lilipoanza kukimbia mbele ya kitu chenyewe, na mpaka leo halijapunguza mwendo. Mwaka 2024 nishani ya Nobel ya fizikia walipewa John Hopfield na Geoffrey Hinton kwa kazi zao katika mitandao hii, na walistahili. Tatizo si kazi yao. Tatizo ni wachuuzi wanaoibeba kazi hiyo sokoni na kuinadi kwa jina la ubongo.

Msomaji atataka kujua tofauti ni zipi. Nitataja mbili, nami nitaomba msaada wa historia ya delta yenyewe.

Wakati wa vita vya kwanza vya dunia manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilijificha ndani ya mikono ya Rufiji. Mwezi wa Julai 1915 Waingereza walileta merikebu mbili za mizinga zenye kina kifupi, Severn na Mersey. Wapiga mizinga wa merikebu hizo hawakuweza kuiona manowari, maana mikoko ilikuwa baina yao. Ilibidi ndege iruke kutoka kisiwa cha Mafia, ikae juu, itazame kila kombora lilipoanguka, na kuwapelekea habari walio chini: mmepitiliza, mmepungukiwa, mmekwenda kushoto. Wapigaji wakarekebisha kidogo kidogo mpaka wakailenga. Siku ya tarehe 11 Julai manowari ikaishia hapo hapo mtoni.

Mashine zetu hujifunza kwa njia inayofanana na hiyo. Hutoa jibu, jibu hulinganishwa na lililo sahihi, kisha kosa hurudishwa nyuma hatua kwa hatua, na kila kiungo huambiwa kwa hesabu kamili ni kwa kiasi gani kilichangia kosa na kinapaswa kubadilika vipi. Njia hiyo ilipata nguvu na umaarufu kwa kazi ya Rumelhart, Hinton na Williams ya mwaka 1986. Walakini mwaka 1989 Francis Crick, yule aliyekuwa mmoja wa wawili waliogundua umbo la DNA, aliwauliza swali ambalo kwa lugha ya Rufiji ni hili: katika ubongo, ndege iko wapi? Ni nani aliye juu, aonaye mahali pote pamoja, awezaye kuipelekea kila sinapsi habari ya kosa lake pekee? Seli ya neva hujua yanayotendeka karibu nayo. Haina rubani wa kuichungulia kutoka angani. Tangu hapo wataalamu wamependekeza njia mbalimbali ambazo ubongo ungeweza kuzitumia kupata faida kama ile bila ya ndege, na baadhi yazo zina akili sana. Lakini swali halijafungwa, na asiyelitaja anapofundisha hafundishi, anatangaza.

Tofauti ya pili ni hii. Neva ya mashine ni jumla na kiasi, basi. Neva ya kweli ni nchi nzima. Ina matawi, na kila tawi lina tabia zake. Mwaka 2021 Beniaguev, Segev na London walichapisha kazi yao ya kujaribu kuuigiza mwenendo wa seli moja tu ya gamba la ubongo kwa kutumia neva za mashine, wakaona kwamba walihitaji mtandao wa tabaka tano hadi nane. Seli moja! Tena katika mashine kiungo chaweza leo kuwa cha kuamsha na kesho, baada ya marekebisho, kikawa cha kutuliza. Ilhali katika ubongo seli kwa kawaida hushika upande wake, wa kuamsha au wa kutuliza. Mgawanyo ule ambao kifafa huupindua, mashine haina kabisa. Mzee wa Maparoni hakuwa na habari ya karatasi hizi, lakini swali lake liligonga hapo hapo.

Hapa nitajibiwa, na jibu lenyewe si la kupuuzwa. Watasema: ndege ya chuma hairuki kwa kupigapiga mabawa, nayo yaruka; basi mashine haina haja ya kuwa na ubongo wa kweli ili ifanye kazi ya akili. Nakubali. Aundaye mashine ya kutafsiri barua hana deni kwa wajuzi wa ubongo, na mashine yake ihukumiwe kwa tafsiri zake. Lakini aliyeunda ndege hakwenda kwa daktari wa mifugo akamwambia, "Nimekueleza kuku, mtibu kwa kunitazama mimi." Ama mseme mmeunda chombo, nasi tutawashukuru kwa chombo; ama mseme mmeueleza ubongo, nasi tutawaletea mgonjwa. Kuchukua sifa ya madai ya pili na kujitetea kwa kimbilio la madai ya kwanza si elimu. Ni ujanja wa dalali.

Nimewasema hao, haki yataka niwageukie wenzao. Wajuzi wa neva na madaktari, wengi wao, hufurahi wanaposikia maneno kama niliyoyasema sasa. Hudhani kwamba hesabu ikishindwa wao wameshinda. La hasha. Wao nao wana deni, tena deni la zamani zaidi.

Watu hawa hupenda kusema kwamba ubongo ni kitu kigumu mno kuingia katika milinganyo. Nami huwauliza: je, mmesahau ngisi? Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza walieleza jinsi mshtuko wa umeme unavyosafiri katika neva. Walitumia neva nene ya ngisi, kiumbe ambaye wavuvi wa pwani yetu humjua kwa mchuzi wake. Walipima, kisha wakaandika milinganyo minne, kisha ikabidi milinganyo itatuliwe. Kompyuta ya chuo chao wakati huo ilikuwa katika matengenezo, kwa hiyo Huxley akaketi na mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono, akazungusha kwa muda wa wiki tatu hivi. Hesabu ikatoa umbo la mshtuko lile lile lililopimwa. Tena milinganyo yao ilidai kwamba katika ngozi ya neva mna milango inayofunguka na kufunga, ambayo hapana jicho lililokuwa limeiona. Mwaka 1976 Neher na Sakmann wakapima umeme unaopita katika mlango mmoja mmoja, na mwaka 1998 MacKinnon akaonyesha umbo la mlango wa namna hiyo. Hesabu ilitangulia, macho yakafuata baada ya zaidi ya miaka 20. Mwenye kusema kwamba hesabu haina nafasi katika elimu ya neva amesahau msingi wa elimu yake mwenyewe.

Wala si neva moja tu. Mwaka 1997 Schultz, Dayan na Montague walionyesha kwamba seli za dopamini katika ubongo wa nyani zilikuwa zikipiga kwa kufuata kanuni iliyokuwa imeandikwa na wajenzi wa mashine: hazipigi kwa ajili ya tuzo, bali kwa tofauti baina ya tuzo iliyotazamiwa na iliyopatikana. Wanabiolojia walikuwa na vipimo, wasiwe na maana yake. Wanahesabu walikuwa na kanuni, wasijue kama maumbile yalikuwa yameitumia. Daraja lilipowekwa, pande zote mbili zilipata riziki.

Wengine katika kundi hili wameweka tumaini lao lote katika ramani. Husema, tuchore kila seli na kila kiungo, na siri ya ubongo itatoka yenyewe. Ramani ya mnyoo mdogo mwenye seli za neva 302 ilichapishwa mwaka 1986. Mwaka 2024 ikachapishwa ramani ya ubongo mzima wa nzi wa matunda, wenye seli zaidi ya 139,000. Hizo ni kazi za fahari kubwa. Lakini karibu miaka 40 imepita tangu ramani ya mnyoo, na bado hapana awezaye kwa ramani hiyo peke yake kutabiri kila mwendo wa mnyoo yule. Mtu wa Maparoni hatashangaa. Mpe mgeni ramani nzuri ya mikono yote ya delta, kila mkono na mahali unapokutana na mwenzake, kisha mwambie apeleke chombo. Atakwama kabla ya adhuhuri. Ramani haimwambii kwamba mkono huu maji yake huenda baharini asubuhi na kurudi bara jioni. Kwamba siku za bamvua hupitika na siku za maji mafu hukauka. Kwamba mvua iliyonyesha mbali huko juu yaweza kugeuza yote. Njia ni jambo moja, mwendo wa maji ni jambo la pili, na mwendo hauelezwi ila kwa hesabu ya wakati. Ramani bila ya milinganyo ni mto uliokauka.

Sasa nawageukia watu wa kwetu. Nimesikia mara nyingi katika vyumba vya walimu kwamba mambo haya ni ya mataifa tajiri. Sisi tungoje yaive, kisha tutanunua. Katika kila neno linalosemwa vyuoni hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu si kweli na kwa sababu lina madhara.

Si kweli, kwa kuwa mali iliyotumika katika kazi ya 1952 ilikuwa ngisi, umeme kidogo, na mkono wa kuzungusha mashine. Simu iliyomo mfukoni mwa mwanafunzi wetu hufanya hesabu ya Huxley kabla hajapepesa jicho. Mwaka 2011, huko Ishaka nchini Uganda, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, ilianzishwa shule ya muda mfupi ya kufundisha elimu ya neva kwa vijana wa Afrika kwa kutumia nzi wa matunda, kiumbe anayefugwa ndani ya chupa kwa gharama ndogo. Umaskini ni kweli. Lakini umaskini usifanywe pazia la uvivu wa fikira.

Nayo ina madhara, na hapa ndipo penye uzito wote wa maneno yangu. Maji ya milima ya Mahenge hushuka yakaingia Kilombero. Kilombero ikikutana na Luwegu, Rufiji huzaliwa, na mwisho wa safari yake ni mikoko ya Maparoni na majirani zake. Huko Mahenge, mwaka 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifungua kliniki ya kifafa. Aliona watoto ambao ugonjwa wao ulianza kwa kuinamisha kichwa mara kwa mara, na wazazi wakamwambia kwa Kiswahili chepesi: amesinzia kichwa. Miongo mingi ikapita ndipo ulimwengu ulipoanza kushughulika na ugonjwa wa namna hiyo, ulipoonekana Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda. Vipimo vya umeme wa ubongo vilivyofanywa Uganda vilionyesha kwamba kusinzia kule kwenyewe ni kifafa. Utafiti umeendelea kuuhusisha na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo wa mito yenye maji ya kasi. Na imeelezwa kwamba watoto wengine husinzia wanapoletewa chakula, au wanaposhikwa na baridi.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Mtoto aketi mbele ya sahani ya ugali, na kuiona tu sahani kukapindua mizani ya ubongo wake. Ni njia ipi iliyopita kutoka jichoni mpaka kwenye shingo iliyolegea? Kwa nini chakula hiki na si kile? Kwa nini mtoto huyu na si ndugu yake? Hayo si maswali ya dawa peke yake, wala si maswali ya hesabu peke yake. Ni maswali ya mtandao wa neva kwa maana yake ya kweli, nayo yako kwetu, hayako Chicago.

Na hesabu za kifafa zipo. Mwaka 1972 Wilson na Cowan waliandika milinganyo miwili, mmoja wa kundi la seli zinazoamsha na wa pili wa kundi linalotuliza, wakaonyesha jinsi makundi hayo yanavyoweza kutulia au kuingia katika mawimbi. Mwaka 2014 Viktor Jirsa na wenzake wa Marseille walitoa milinganyo inayofuata kifafa tangu kinapoanza mpaka kinapokoma. Na mwaka 2019 likaanza Ufaransa jaribio la kuwasaidia wapasuaji kwa kuujenga ubongo wa kila mgonjwa katika kompyuta kabla ya kumpasua. Kwa hiyo jibu langu kwa mzee lilikuwa pungufu. Mashine za sokoni haziangukí kifafa. Lakini iko mitandao ya hesabu, iliyojengwa na watu waliovuka daraja, ambayo huanguka, na huanguka kwa makusudi, ili tujifunze namna ya kumwinua mgonjwa.

Lakini ni bongo za nani zilizomo katika hesabu hizo? Ni za wagonjwa wa hospitali za Ulaya. Ikiwa mtoto wa Mahenge hakupimwa, hayumo. Asipokuwamo, hesabu itakayoletwa kwetu kesho katika sanduku zuri itakuwa imekamilika kwa watu wengine.

Delta inalijua jambo hili. Mwaka 1997 serikali iliidhinisha mradi mkubwa wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji, ingawa baraza la mazingira lilikuwa limeshauri vingine. Katika karatasi hesabu ilikuwa tamu. Wanakijiji waliona kwamba katika hesabu ile wao wenyewe, mikoko yao na mashamba yao ya mpunga hawakuhesabiwa ipasavyo. Wakaenda mahakamani, na mradi haukusimama. Hawakuwa maadui wa hesabu. Walikataa hesabu iliyotungwa bila wao.

Najua nitaambiwa: mtoto yule wa Maparoni hahitaji milinganyo, ahitaji kidonge. Ni kweli, na mwenye kumnyima kidonge ili anunue kompyuta nitakuwa wa kwanza kumlaani. Kidonge kitangulie, na boti ya kukifikisha, na muuguzi wa kukieleza. Lakini ni lini elimu na kidonge vikawa wake wenza? Kidonge chenyewe hakikutoka mbinguni. Na wako wagonjwa ambao kidonge hakiwatoshi. Hao tutawaambia nini? Tutawaambia wangoje mpaka Ufaransa imalize?

Basi natoa madai matatu, nami nasema madai kwa sababu ombi hukataliwa kwa tabasamu. La kwanza, vyuo vyetu vya udaktari na idara zetu za hisabati viketi meza moja. Mwanafunzi wa udaktari afundishwe milinganyo ya neva, na mwanafunzi wa hisabati apelekwe kliniki ya kifafa, akae kutwa, amwone mgonjwa akianguka na akiamka. Asiyewahi kuliona jambo hilo asipewe shahada ya kuliandikia mlinganyo. La pili, vipimo vya umeme wa ubongo vinavyofanywa katika nchi zetu vihifadhiwe kwa heshima, kwa idhini na kwa siri za wagonjwa, ili viwe mali ya elimu yetu, visipotee katika makabati wala visiondoke kwa kimya. La tatu, lugha itumike. "Amesinzia kichwa" ni uchunguzi wa kitabibu uliofanywa na wazazi kwa Kiswahili kabla ya kitabu chochote kuuandika. Elimu itakayowauliza wazazi hao kwa lugha wasiyoijua itapata majibu ya adabu, haitapata ukweli.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Aliyeunda chombo alijua mbao, na alijua maji pia. Fundi ajuaye mbao tu huunda kabati, na ajuaye maji tu hubaki pwani akitazama. Hao wawili ndio nilioshindana nao katika insha hii, pamoja na yule wa tatu anayengoja chombo cha mwenzake kipite.

Maji yalipojaa usiku ule, mzee alinisindikiza mpaka chomboni. Kijana alichukua pondo akaingia tezi, na babu yake akakaa nyuma yake, mkono mmoja umeshika ukingo wa mtumbwi na mmoja umeshika shati la mjukuu. Alilishika safari nzima, mkono baada ya mkono wa mto, katika giza, asilegeze hata mara moja. Huo ndio mlinzi pekee alio nao kijana yule mpaka hivi leo. Na mkono wa mzee huchoka.